Chuo Ndani ya Chuo Kikuu: Istilahi na Hadhi ya Chuo cha Kikatoliki katika Chuo Kikuu Kisichofungamana na Dini, kwa Kurejelea Eneo la Kapkatet

Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuwa la utawala tu, ilhali kiini chake ni cha lugha: chuo cha Kikatoliki kilichomo ndani ya chuo kikuu kisicho cha dini kiitweje kwa Kiswahili, na jina hilo linambebesha nani wajibu gani? Wasomi wa Kiswahili wamezoea kuulizwa istilahi baada ya wakubwa kukwisha kutia sahihi. Makala yanashikilia kwamba mpangilio huo una hasara. Jina likikosewa mwanzoni, mkataba nao hukosewa, na anayelipia kosa hilo huwa ni mwanafunzi na mhadhiri.

Kapkatet imechaguliwa kwa sababu sehemu zote za swali hili zinaonekana pale kwa karibu. Mji huu uko Bureti, Kaunti ya Kericho, katika nchi ya chai. Chuo Kikuu cha Kabianga, ambacho ni chuo cha umma, kina bewa lake hapo. Ukishika barabara ya kuelekea Sotik unafika Kaplong, penye misheni ya Kikatoliki yenye hospitali na shule za sekondari za wavulana na wasichana. Upande wa Litein na Tenwek zipo hospitali na vyuo vya uuguzi vilivyoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti. Mji wa Kericho nao ni makao ya Jimbo Katoliki la Kericho, lililoundwa mwaka 1995. Elimu ya umma na elimu ya kanisa, basi, ni majirani wa siku nyingi katika eneo hili. Swali ni je, majirani hao wakitaka kuishi ndani ya ua mmoja, wapatane kwa masharti gani?

Neno "chuo" na historia yake

Kabla ya kutafuta istilahi mpya, ni vyema kulitazama neno lenyewe. Katika Kiswahili cha pwani ya kale, "chuo" lilikuwa na maana ya kitabu. Ndiyo sababu Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, unajulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Maana ya pili ilikuwa mahali pa kusomea kitabu hicho, na kitabu chenyewe kilikuwa Kurani. Mtoto aliyepelekwa chuoni alikuwa amepelekwa kwa mwalimu wa dini.

Neno hili, kwa hiyo, lilianza kazi yake likiwa la dini, kisha likapanuka hadi likabeba chuo cha ualimu, chuo cha ufundi na hatimaye chuo kikuu. Safari hiyo inafanana na ile ya vyuo vya Ulaya. Sorbonne ya Paris ilianzishwa na padri Robert de Sorbon karibu mwaka 1257 iwe makazi ya wanafunzi maskini wa teolojia. Leo jina hilo linahusishwa na elimu ya serikali ya Ufaransa, nchi inayotenganisha dini na dola kwa ukali kuliko nyingi. Anayedhani kwamba dini ni mgeni aliyebisha hodi katika chuo kikuu hajaitazama historia ya taasisi hiyo wala ya neno linaloitaja kwa Kiswahili.

Tatizo la kulitaja lisilo la dini

Istilahi ya kwanza inayoleta utata ni ile ya kueleza chuo kikuu ambacho si cha dini. Baadhi ya waandishi hutumia "cha kidunia" au "cha kilimwengu". Maneno haya yana kasoro moja kubwa. Katika mahubiri, misikitini na makanisani, "mambo ya kidunia" ni anasa na upotovu. Chuo kikuu kikiitwa cha kidunia, kimeshahukumiwa kabla hakijasikilizwa. Wengine husema "cha umma", lakini neno hilo linataja umiliki na si msimamo. Kipo chuo cha binafsi kisicho na dini, na zipo shule za umma zinazofadhiliwa na kanisa. "Cha kisekula" ni mkopo ambao haumsaidii msomaji wa kawaida kuelewa.

Kiswahili tayari kina mfano unaoweza kuigwa. Nchi zilizokataa kuegemea Mashariki au Magharibi ziliitwa nchi zisizofungamana na upande wowote. Kwa kufuata njia hiyo, makala haya yanatumia "chuo kikuu kisichofungamana na dini". Maana yake ni kwamba chuo hicho hakiiungi mkono dini yoyote wala hakiipigi vita. Tafsiri hiyo inapatana na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 8 kinasema kwamba hakuna dini ya taifa, lakini kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa kuabudu na kukataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi au kazi kwa sababu ya imani yake. Dola haifungamani na dini, wala haiifungii mlango.

Maswali manne ya kupimia

Istilahi za sehemu za chuo kikuu ni nyingi na hutumiwa kiholela. Kenya husema "bewa" kwa eneo la chuo lililo mbali na makao makuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina "ndaki", zilizokusanya idara za taaluma zinazokaribiana. "Kitivo", ambalo kwa asili ni ardhi yenye rutuba, limekuwa mkusanyo wa idara. Kuna pia "chuo tanzu", "tawi" na "chuo kikuu kishiriki". Ili kuyapambanua, makala yanapendekeza maswali manne:

1. Ni nani anayetoa shahada?
2. Ni nani anayemiliki ardhi na majengo?
3. Ni nani anayemwajiri na kumfuta kazi mhadhiri?
4. Ni nani anayeamua kitakachofundishwa?

Bewa la Kapkatet likipimwa kwa maswali haya, majibu yote manne ni mamoja: Chuo Kikuu cha Kabianga. Bewa ni mkono wa mwili uleule. Ndaki na kitivo navyo ni hivyohivyo, ingawa vinagawanywa kwa taaluma badala ya mahali.

Kabianga yenyewe ilipitia hali tofauti. Mwaka 2009 ilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Shahada zilitolewa kwa jina la Moi, lakini Kabianga ilikuwa na uongozi wake. Mwaka 2013 ilipewa hati ya kujitegemea. Mwaka 2017 Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet kilianzishwa chini ya Chuo Kikuu hichohicho cha Moi. Historia ya nchi imejaa mifano kama hii. Kenyatta kilikuwa kishiriki cha Nairobi kabla ya kujitegemea mwaka 1985. Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuanzia 1963 hadi 1970.

Jambo moja linajitokeza katika mifano hiyo yote: kwetu, ushiriki ni hatua. Chuo kishiriki ni kama kijana aliye nyumbani kwa wazazi akisubiri kujenga kwake. Hakuna anayetarajia akae humo daima. Hata vyuo vya Kikatoliki vilivyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki vimeufuata mkondo huo, kwani Tangaza kilipata hati yake mwaka 2024. Chuo cha Kikatoliki ndani ya chuo kikuu kisichofungamana na dini kinahitaji jambo tofauti, yaani kukaa humo bila kuondoka na bila kumezwa. Je, lipo jambo kama hilo duniani?

Mfano wa Toronto

Lipo. Chuo cha St. Michael's, Kanada, kilianzishwa mwaka 1852 na mapadri wa Shirika la Wabasili waliotoka Ufaransa. Mwaka 1881 kiliungana kwa ulegevu na Chuo Kikuu cha Toronto, na mwaka 1910 kikawa chuo kamili cha shirikisho ndani yake. Hakikuwa peke yake. Victoria, cha Wamethodisti, kilikuwa kimetangulia, na Trinity, cha Waanglikana, kilijiunga mwaka 1904. Makanisa matatu yaliyokuwa yakishindana kwa kila jambo yalikubali kukaa chini ya chuo kikuu kimoja kisicho cha kanisa lolote.

Mapatano yao yaligawa majibu ya maswali manne. Shahada za sanaa zilitolewa na chuo kikuu. Ardhi na majengo vilibaki vya chuo cha kanisa. Teolojia iliendelea kuwa mali ya kila chuo. Sayansi zilifundishwa na chuo kikuu kwa wote, kwa kuwa maabara ni ghali na sheria za fizikia hazibadiliki kwa kubadili madhehebu. Lakini lugha na fasihi, kama vile Kiingereza, Kifaransa na lugha za kale, ziliwekwa katika orodha ya masomo ya vyuo, kila chuo na walimu wake.

Mgawanyo huo unapaswa kumshtua msomi wa Kiswahili. Waliokaa mezani walijua kwamba fasihi ndipo maadili yanapojadiliwa, na kila kanisa likataka kuishikilia kwa mkono wake. Mpango ulizaa matunda. St. Michael's ilimpata Étienne Gilson, aliyeshiriki kuanzisha taasisi ya taaluma za Zama za Kati mwaka 1929, na Marshall McLuhan, aliyeanza kufundisha fasihi ya Kiingereza hapo mwaka 1946 na baadaye akajulikana duniani kwa nadharia zake za mawasiliano. Hata hivyo gharama za kuwa na idara kadhaa za somo lilelile ziliongezeka, na kwa mapatano ya mwaka 1974 idara za vyuo ziliunganishwa na zile za chuo kikuu. Chuo kilibaki na ardhi yake, teolojia yake na programu zake kadhaa, lakini fasihi kwa jumla ilihamia kwenye nyumba ya pamoja.

Mfano wa Kongo

Afrika ina mfano wa kinyume. Lovanium, chuo kikuu cha Kikatoliki karibu na Kinshasa, kilianzishwa mwaka 1954. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilikitaifisha na kukiunganisha na chuo kikuu cha Waprotestanti cha Kisangani pamoja na kile cha serikali cha Lubumbashi, vikawa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Kwa muda mfupi kitivo cha teolojia ya Kikatoliki kilijikuta ndani ya chuo kikuu cha dola. Mwaka 1974 kikatolewa. Kanisa likakiendeleza lenyewe, na mwaka 2009 taasisi iliyotokana nacho ikachukua jina la Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Kongo. Chuo cha Taifa nacho kilivunjwa mwaka 1981 na kuwa vyuo vikuu vitatu.

Tofauti ya mifano hii miwili haiko katika wingi wa Wakatoliki. Iko katika namna muungano ulivyopatikana. Toronto ilikuwa na mapatano yaliyotaja nani anabaki na nini. Kinshasa ilikuwa na amri. Kilichoungwa kwa amri kilivunjwa kwa amri.

Istilahi inayopendekezwa na mfano wa chai

Kwa kuwa "kishiriki" limekwisha kushika maana ya hatua ya mpito, makala yanapendekeza "chuo cha shirikisho" kwa hali ya kudumu iliyoelezwa hapo juu. Neno "shirikisho" lina faida mbili. Kwanza, msomaji wa Afrika Mashariki analijua katika siasa, na anajua kwamba mwanachama wa shirikisho hukabidhi baadhi ya mamlaka na kubaki na mengine. Pili, linatokana na mzizi uleule wa "shirika", neno ambalo Wakatoliki hulitumia kwa jumuiya ya watawa. Shirika linaloingia katika shirikisho halipotezi jina lake.

Mkulima wa Kapkatet hatahitaji kufafanuliwa sana. Katika eneo hili kuna namna mbili za kulima chai. Kuna mashamba makubwa, ambapo kampuni inamiliki ardhi, mchumaji ni mwajiriwa wake na kiwanda ni chake. Huo ni mfano wa bewa. Kuna pia wakulima wadogo wanaopeleka majani katika viwanda vilivyo chini ya shirika la KTDA, kama kile cha Kapkatet. Mkulima huyo ana shamba lake na hati yake. Lakini hawezi kupeleka majani apendavyo; kipimo ni majani mawili na chipukizi, na karani wa kituo cha kununulia hukirudisha kisichofaa. Chai hutoka kiwandani kwa jina la kiwanda. Huo ni mfano wa shirikisho: shamba la mtu, kipimo cha wote. Mkulima akinyang'anywa shamba, amekuwa kibarua. Naye akiachiwa kipimo, jina la kiwanda litaharibika sokoni na jirani zake wote watapata hasara.

Suala la fasihi

Swali la nne, la nani anaamua kitakachofundishwa, ndilo lenye uzito kwa wasomaji wa jarida hili. Itakumbukwa kwamba Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ilizuiliwa kutumika shuleni nchini Tanzania kwa jinsi ilivyosawiri mahusiano ya kimwili, kabla ya kukubaliwa baadaye. Mwandishi wake alikuwa amesoma katika seminari ya Kikatoliki. Waliomzuia kwa upande wa shule walikuwa ni dola isiyofungamana na dini. Mfano huo unatahadharisha dhidi ya dhana rahisi kwamba udhibiti hutoka kanisani na uhuru hutoka serikalini.

Hata hivyo hofu ya mhadhiri wa fasihi ina msingi. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 812, inamtaka mwalimu wa teolojia katika taasisi ya juu awe na idhini ya mamlaka ya Kanisa. Kanuni hiyo haimgusi mwalimu wa fasihi. Lakini kanuni ya 810 inataka walimu kwa jumla wawe na mafundisho sahihi na mwenendo mwema, na hati ya Papa Yohane Paulo wa Pili ya mwaka 1990 kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki inasisitiza utambulisho wa Kikatoliki pamoja na uhuru wa utafiti. Upande wa pili, kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya kinalinda uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi. Mhadhiri wa chuo cha shirikisho angekuwa chini ya mamlaka zote mbili. Asipoandikiwa mapema ni ipi inayotangulia akiwa darasani, ataamuliwa na mkubwa atakayekuwa zamu.

Wapo watakaosema kwamba shule zetu za sekondari zimekwisha kulitatua jambo hili kwa njia ya ufadhili. Ni kweli kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili wa shule nafasi katika bodi na katika malezi ya kiroho, ikimtaka alinde imani za wanafunzi wengine. Lakini sheria hiyo haihusu vyuo vikuu. Aidha, mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima, na utafiti si mtaala uliokwisha kuandikwa. Mfadhili hutunza nyumba iliyopo. Mwanashirikisho hushiriki kujenga.

Haifai pia kusahau kwamba Kiswahili kina deni kwa taasisi za Kanisa. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ya padri Charles Sacleux, iliyochapishwa kati ya 1939 na 1941, bado ni hazina ya lahaja za pwani. Tenzi za Mathias Mnyampala zilizosimulia Injili na Zaburi ziliichukua bahari ya utenzi, iliyokuzwa na washairi Waislamu, zikaitia maudhui ya Kikristo bila kuivunja. Huo wenyewe ni ushirikisho: umbo la wote, imani ya mtunzi.

Hitimisho na mapendekezo

Makala yamejaribu kuonyesha kwamba chuo cha Kikatoliki ndani ya chuo kikuu kisichofungamana na dini si bewa, si ndaki, wala si chuo kishiriki kwa maana tuliyoizoea. Ni chuo cha shirikisho, na kudumu kwake kunategemea mapatano yanayojibu maswali manne kwa maandishi. Ikiwa siku moja taasisi za kanisa na za umma katika nchi ya chai zitataka kukaa pamoja, mambo matatu yangefaa kuzingatiwa. Kwanza, shahada na kipimo chake viwe vya chuo kikuu. Pili, ardhi na teolojia vibaki mikononi mwa Kanisa. Tatu, ufundishaji wa lugha na fasihi uwekwe katika idara ya pamoja tangu mwanzo, kama Toronto ilivyolazimika kufanya baada ya miaka zaidi ya sitini, na mkataba utaje kwamba uteuzi wa vitabu ni kazi ya idara hiyo. Mkataba uandikwe pia kwa Kiswahili, lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, ili mzazi wa Kapkatet anayeuza majani alipe karo ausome mwenyewe.

Maswali ya mjadala

1. Tathmini istilahi "chuo kikuu kisichofungamana na dini". Je, ni ndefu mno kwa matumizi ya kila siku? Pendekeza mbadala na uutetee.
2. Linganisha matumizi ya "bewa", "ndaki" na "kitivo" katika vyuo vikuu viwili vya Kenya na viwili vya Tanzania kwa kutumia maswali manne yaliyotolewa.
3. "Fasihi ndiyo somo la mwisho ambalo taasisi ya dini ingekubali kuliachia." Jadili kwa kurejelea kazi mbili za Kiswahili.